Jinsi ya Kuandaa Kumbukumbu ya Askari Polisi Aliyeuawa Akiwa Kazini

Jioni ya tarehe 13 Aprili 2017, askari polisi wanane waliuawa katika eneo la Mkengeni, wilayani Kibiti, mkoa wa Pwani nchini Tanzania, gari lao liliposhambuliwa kwa risasi wakiwa njiani kurudi kutoka kazini. Idadi hiyo bado inatajwa kila tukio lile linapozungumzwa, lakini majina yao manane hayatajwi mara nyingi hivyo, na jambo hilo linanihuzunisha. Mwongozo huu ni kwa ajili ya familia, majirani na askari waliofanya kazi na marehemu wanaotaka kuandaa kumbukumbu ya askari mmoja, iwe ya arobaini, ya mwaka wa kwanza au ya mwaka wa kumi, ili atajwe kwa jina lake, sura yake na kazi aliyokuwa akiifanya.

Kabla ya kuzungumzia turubai, kadi au mgeni rasmi, nendeni mkakae na mjane, wazazi na watoto wakubwa wa marehemu. Mara nyingi shughuli hupangwa ofisini au kwenye kamati ya mtaa, kisha familia hupewa taarifa ya mambo yaliyokwisha kuamuliwa, na hilo ni kosa ambalo ni vigumu kulisahihisha baadaye. Waulizeni ni jambo gani wangependa lisemwe, lipi lisiguswe, na ni picha ipi itumike. Kama mjane hataki picha yenye sare, basi isitumike. Khitma au misa ifuate utaratibu wa imamu au padri wao, na shughuli nyingine zipangwe kuizunguka. Ikiwa kesi ya mauaji bado iko mahakamani, kubalianeni mapema kwamba hakuna msemaji atakayewataja washtakiwa wala kueleza ushahidi.

Kazi inayostahili muda mwingi kuliko zote ni wasifu. Wasifu unaosomwa siku ya mazishi huandikwa ndani ya siku moja au mbili, watu wakiwa wamechanganyikiwa kwa msiba, ndiyo maana wengi wao huishia kwenye shule alizosoma, vituo alivyofanyia kazi na idadi ya watoto aliowaacha. Kumbukumbu inawapa nafasi ya kuuandika upya kwa utulivu. Anzeni na mambo yasiyotakiwa kukosewa: majina yote matatu kama yalivyo kwenye vyeti, cheo, namba ya askari pamoja na herufi zinazoitangulia, mwaka alioingia depo (chuo cha mafunzo ya polisi) Moshi, vituo vyote alivyopangiwa, tarehe na mahali alipouawa. Msiandike kwa kukisia. Mwombeni mkuu wa kituo awasaidie kuhakiki. Nimewahi kuhudhuria kumbukumbu moja ambapo cheo cha marehemu kilikosewa kwenye bango na jina la baba yake likakosewa tena na msemaji, na mama yake mzazi aliinamisha kichwa kila lilipotamkwa.

Yakishahakikiwa hayo, watafuteni watu waliomjua kazini. Wenzake wa depo watakumbuka alivyokuwa kijana, na askari waliopanga naye zamu watakumbuka alivyokaa kwenye lindo la usiku na alichozungumza alfajiri ikikaribia. Usiwasahau raia: mama aliyefika kaunta kuripoti mtoto aliyepotea, mwendesha bodaboda aliyesaidiwa baada ya ajali, mwenye duka jirani na kituo. Swali la jumla kama "alikuwa mtu wa namna gani?" litawapa jibu la jumla kwamba alikuwa mcheshi na mpenda watu. Ulizeni alifanya nini siku fulani, alisema nini, alikasirishwa na nini. Tukio moja lililosimuliwa kwa ukamilifu, hata kama linaonyesha kwamba alikuwa mkali au mbishi, litamleta karibu zaidi kuliko sifa kumi anazopewa kila marehemu.

Kifo chenyewe kielezwe kwa sentensi moja au mbili zilizo wazi. Semeni kwamba aliuawa, tarehe gani, wapi na akiwa katika kazi gani, badala ya kujificha nyuma ya maneno kama "alitutoka ghafla", kwa sababu watoto wake wanaujua ukweli au wataambiwa na wengine. Zaidi ya hapo, majeraha, uvumi na picha za mwili havina nafasi katika shughuli hii. Kama picha za namna hiyo zilisambazwa katika makundi ya WhatsApp, kiongozi wa familia awaombe waliozihifadhi wazifute kabla ya siku hiyo.

Kuhusu mahali, kuna mfano wa London ninaouheshimu sana. Yvonne Fletcher, askari wa miaka 25, aliuawa tarehe 17 Aprili 1984 katika St James's Square, akilinda maandamano, kwa risasi iliyotoka ndani ya ubalozi wa Libya. Tarehe 1 Februari 1985 liliwekwa jiwe dogo mahali pale alipoanguka, likiwa na jina lake, tarehe, na maneno yanayosema kwamba alianguka hapo. Askari mwenzake John Murray, aliyekuwa naye siku ile, alimwahidi kwamba atamtafutia haki. Akaendelea kudai mpaka Novemba 2021, Mahakama Kuu ilipoamua katika shauri la madai kwamba mmoja wa waliohusika anawajibika kwa kifo chake.

Kwetu, askari wengi huuawa barabarani au vijijini, na si kila mahali panaruhusu jiwe. Barabara kuu na za mikoa zina hifadhi, yaani eneo la pembeni lililotengwa kwa ajili ya barabara, inayosimamiwa na TANROADS (Wakala wa Barabara Tanzania), hivyo msijenge chochote kando yake bila kibali. Mnaweza kufika pale na serikali ya kijiji, mkasimama kimya, mkasoma jina na kuomba dua, kisha mkapanda mti katika shule ya msingi aliyosoma.

Mkitaka askari washiriki rasmi, andikeni barua mapema kwa Kamanda wa Polisi wa Mkoa kupitia kwa mkuu wa kituo, kwa kuwa gwaride la heshima ni uamuzi wa Jeshi la Polisi lenyewe. Raia asivae sare ya polisi, hata kwa nia njema. Wazungumzaji wawe wachache, na askari aliyekuwa naye zamu azungumze kabla ya mgeni rasmi, wakati watu bado wana utulivu wa kusikiliza. Michango itangazwe mbele ya wote na kupelekwa moja kwa moja kwenye ada za watoto.

Mwisho, mchagueni mtu mmoja wa kutunza bahasha yenye wasifu uliohakikiwa, picha zilizoandikwa majina nyuma, na namba za simu za wenzake wa depo. Nakala moja ibaki kwa mama mzazi. Nyingine iandikwe jina la mtoto mdogo kuliko wote, ambaye huenda hata kutembea alikuwa hajaanza siku ile, itunzwe mpaka atakapoanza kuuliza.