Kabla Flashi Haijapanda Meli: Mambo ya Kukagua Unapopakua Vipindi

Wapo wasikilizaji wa visiwani ambao redio yao ni flashi. Kipindi cha afya, mahubiri au mjadala wa bei za dagaa kinapakuliwa Mwanza mjini, kinapanda meli ya Nansio, kisha kinapita mkono kwa mkono hadi mialo ya mbali ambako mtandao unasumbua. Wengi tunaofanya kazi hiyo tunatumia yt-dlp, programu ya bure inayopakua video na sauti za mtandaoni, na huendeshwa kwa kuandika amri kwenye terminali, yaani dirisha la kompyuta la kuandikia amri. Ikigoma usiku wa kuamkia safari, mtu huanza kuifuta na kuisimika upya, bando linaisha na kipindi hakipatikani. Matatizo mengi ya programu hii yanaonekana mapema ukiyatafuta, na ndiyo maana nasisitiza ukaguzi ufanyike siku moja kabla.

Anza na toleo. Andika yt-dlp --version. Namba inayotokea ni tarehe: 2025.11.12 maana yake ni toleo la tarehe 12 Novemba 2025. Ukiona limepitwa na miezi kadhaa, usihangaike kutafuta kosa kwingine kabla hujalisasisha. Tovuti za video hubadilisha mitambo yao mara kwa mara, na toleo la zamani hukataliwa mlangoni, mara nyingi kwa ujumbe wa HTTP Error 403. Amri ya kusasisha ni yt-dlp -U, lakini inafanya kazi ukiwa umeichukua programu moja kwa moja kwa watengenezaji wake. Ukiwa umeisimika kwa pip (kisimikaji cha programu za Python) au apt (kisimikaji cha Linux kama Ubuntu), isasishe kwa njia hiyohiyo. Ya apt huwa imechelewa sana, na mimi simshauri mtu aitegemee. Kwa YouTube kuna jambo la ziada: tangu Novemba 2025 yt-dlp inahitaji programu nyingine ya kuendesha JavaScript, na inayopendekezwa ni Deno. Bila hiyo, baadhi ya fomati hazitaonekana kabisa.

Ya pili ni ffmpeg. YouTube huweka picha na sauti mbali mbali, na ffmpeg ndiyo inayoziunganisha na kugeuza sauti kuwa mp3. Andika ffmpeg -version. Kompyuta ikisema haiitambui amri hiyo, ama haijasimikwa, ama folda yake haimo kwenye PATH, yaani orodha ya folda ambamo kompyuta hutafuta programu. Kamilisha hilo ukiwa bado na intaneti ya uhakika.

Kisha tazama saa ya kompyuta. Watu hulipita hili, kumbe linaangusha wengi wenye kompyuta za mezani zilizozeeka. Betri ndogo ya ndani ikishakufa, umeme ukikatika saa inarudi nyuma miaka mingi. Tovuti salama hujitambulisha kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, kwa hiyo kompyuta inayodhani tuko 2009 itakikataa cheti cha leo. Ujumbe utakaouona ni CERTIFICATE_VERIFY_FAILED, na mtu ataulaumu mtandao. Rekebisha tarehe, rudia amri. Wapo wanaoelekeza kuzima ukaguzi wa vyeti. Usifanye hivyo, ni kuacha mlango wazi wakati ufunguo unao.

Linki nayo ina mtego wake. Ukiinakili kutoka kwenye orodha ya vipindi, mara nyingi inakuwa na alama ya & katikati. Terminali inapoiona alama hiyo hudhani amri imeishia hapo, ikakata linki vipande viwili. Iweke linki nzima ndani ya alama za kunukuu, "hivi", kila mara, hata pale isipohitajika.

Kwenye bando, piga hesabu kabla. Sauti ya kilobiti 128 kwa sekunde inakula kama MB 58 kwa saa. Video ya megabiti 2 kwa sekunde inakula kama MB 900. Andika yt-dlp -F na linki uone fomati zilizopo na ukubwa wake, bila kupakua kipindi chenyewe. Hapa wengi wanachanganya: kuagiza mp3 ya kilobiti 64 kunapunguza nafasi inayoliwa kwenye flashi, hakupunguzi bando, kwa sababu ugeuzaji unafanyika baada ya faili kushuka. Ukitaka kuokoa bando, chagua fomati ndogo tangu mwanzo. Amri ya -f wa (f ndogo) huchukua sauti nyepesi kuliko zote, na kwa mazungumzo inatosha.

Umeme ukikatika katikati, usilifute faili lenye mwisho wa .part wala usilibadilishe jina. Rudia amri ileile ndani ya folda ileile, itaendelea ilipoishia.

Anayetumia get_iplayer, programu ya kupakua vipindi vya BBC, ajue jambo moja mapema. Televisheni ya iPlayer, huduma ya BBC ya mtandaoni, ni kwa walio Uingereza. Kukataliwa video ukiwa Mwanza si hitilafu ya kompyuta yako, na kusimika upya hakutabadilisha kitu. Na kama kipindi ni cha kituo cha hapa nyumbani, nenda ukaombe ruhusa ya kukisambaza. Tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na waliokaa studio kukiandaa wanastahili kuulizwa.

Ukikwama ukalazimika kuomba msaada, ongeza -v kwenye amri, kisha nakili maandishi yote tangu mstari wa kwanza. Picha ya simu yenye mstari wa mwisho peke yake haimsaidii anayetaka kukusaidia, maana toleo, mfumo wa kompyuta na hali ya ffmpeg vyote vimeandikwa juu. Ondoa nywila kama umeiweka.

Mwisho ni flashi yenyewe. Redio na sabufa nyingi zinazochomekwa flashi zinasoma mp3, na zikipewa aina nyingine za faili la sauti, kama opus au m4a, zinanyamaza tu. Tumia -x --audio-format mp3. Ongeza --restrict-filenames, kwa kuwa flashi ya FAT32 (mpangilio wa kuhifadhi faili uliozoeleka kwenye flashi) haikubali alama kama nukta mbili na kiulizo kwenye jina la faili, na vichwa vya vipindi vimejaa viulizo. FAT32 pia haipokei faili linalofikia GB 4. Ukimaliza kunakili, ichomeke kwenye redio ya aina ileile atakayoitumia msikilizaji, usikilize mwanzo, katikati na mwisho wa angalau kipindi kimoja. Kila unapoitoa kwenye kompyuta, subiri kwanza ikuambie ni salama kuitoa.