Somo: Kupata vitabu bure kabla havijatoka, ukiwa Dodoma

Wachapishaji wa Ulaya na Marekani hugawa nakala za kitabu wiki au miezi kadhaa kabla ya siku ya kutoka, ili siku hiyo ikifika watu wawe wameshakizungumzia. Hulipi kitu. Unachodaiwa ni uhakiki wa kweli, uwe umesifu au umeponda. Karibu vyote ni vya Kiingereza na vya kusomea kwenye simu; cha karatasi kufika sanduku lako la posta, usikitegemee.

Hatua ya 1. Fungua akaunti NetGalley, tovuti ambako wachapishaji huweka nakala hizi. Ni bure. Nchi andika Tanzania, usijifanye uko kwingine. Haki za kuuza vitabu hugawanywa kwa maeneo, na sisi mara nyingi tumo kwenye fungu la Uingereza na Jumuiya ya Madola. Ukikataliwa toleo la Marekani, tazama kama kuna la Uingereza.

Hatua ya 2. Jaza wasifu. Hapa ndipo wengi wanapokwama. "Napenda kusoma vitabu" haimwambii mchapishaji lolote. Andika hivi, kwa Kiingereza: "Nasoma riwaya za upelelezi na za kihistoria. Naandika uhakiki wa maneno 200 hadi 300 Goodreads, ndani ya wiki mbili baada ya kumaliza kitabu." (Goodreads ni mtandao wa wasomaji kuhakiki vitabu.) Weka kiungo cha uhakiki ulioandika tayari. Huna hata mmoja? Azima vitabu vitatu maktaba ya mkoa, uvisome, uvihakiki, ndipo urudi.

Hatua ya 3. Anza na vitabu vilivyo wazi, visivyohitaji kibali. Chukua viwili, basi. Kuna asilimia inayohesabiwa: uhakiki uliotuma, ugawanye kwa vitabu ulivyopewa. Inayopendekezwa ni 80. Mtu akishapewa 10 na kuhakiki 3 yuko kwenye 30, na hata asipoomba kingine anadaiwa vitano zaidi ili afike. Tamaa ya wiki ya kwanza ndiyo inayoharibu akaunti nyingi.

Hatua ya 4. Pakua mara tu unapokubaliwa, maana kitabu huondolewa kwenye tovuti siku iliyopangwa ikifika. Faili lenye ulinzi hujifunga siku 55 baada ya kulipakua. Kama bando ni la kubana, chagua EPUB, aina ya faili la kitabu cha kusomea kwenye simu: riwaya isiyo na picha kwa kawaida ni MB chache tu. PDF ya kitabu cha mapishi au cha watoto pakulia kwenye Wi-Fi ya chuo.

Hatua ya 5. Andika. Hadithi kwa sentensi mbili bila kufichua mwisho, kisha kilichokushika, kilichokuchosha, na msomaji wa aina gani kitamfaa. Taja kwamba nakala ulipewa bure. Usinukuu maneno ya kitabu, kwani hiyo nakala bado haijasahihishwa na sentensi uliyoipenda huenda isiwemo kwenye toleo la mwisho.

MASWALI

*Mkuu, Amazon wananikatalia kuweka uhakiki. Nimekosea wapi?*

Hujakosea. Wanataka uwe umenunua kwao vitu vya angalau dola 50 kwa kadi ndani ya miezi 12. Weka Goodreads na NetGalley kwenyewe, inatosha.

*Dada, kitabu kimenishinda ukurasa wa 40. Nifanyeje?*

Usihakiki usichokisoma. Mwandikie mchapishaji kwa adabu ulipoishia na sababu. Ila kama ni uvivu tu, maliza, ndugu yangu.

*Naweza kulirusha faili kwenye grupu la WhatsApp la darasa letu hapa UDOM?*

Hapana. Umepewa wewe peke yako, na kulisambaza ni kuvunja hakimiliki.

*Kuna mtu ananidai elfu ishirini ya "usajili", niitume kwa simu.*

Tapeli huyo. Mzuie (block) kwenye simu yako.

*Zaidi ya NetGalley kuna wapi?*

LibraryThing, tovuti nyingine ya wasomaji, wana orodha mpya kila mwezi, ila ni bahati nasibu. Kila kitabu kimeandikwa nchi zinazoruhusiwa. Tazama hapo kwanza kabla ya kubonyeza. Bahati nasibu za Goodreads ziruke, ni za Marekani na Kanada.

*Na vya Kiswahili je?*

Hapo unamwandikia mchapishaji mwenyewe: aya moja, viungo viwili vya uhakiki wako, na jina la kitabu unachokitaka. Usiombe "chochote mlicho nacho".