Jinsi ya kusoma kwa video za bure bila kumaliza bando

Wazazi wa Mbeya, Uyole mpaka Mbalizi, mtoto wa miaka 3 hadi 6 mtafutie katuni za Akili and Me YouTube, akikua kidogo Ubongo Kids, zote za hapahapa Tanzania na Kiswahili chake kinaeleweka. Wa sekondari aingie Khan Academy, tovuti ya masomo ya bure, ni Kiingereza ila hesabu wanaelezea hatua kwa hatua. Sasa bando: gusa alama ya gia kwenye video uchague ubora wa picha (Quality) wa 144p, ndo wa chini kabisa, kama kuna maandishi ubaoni panda 360p maana kwa 144p hayasomeki. Na daftari lazima jamani, simamisha video, afanye swali mwenyewe kwanza ndo mwendelee. Mkulima nawe andika tu YouTube “kilimo cha parachichi”, zipo kibao.