Kutafuta ubovu wa Commodore 64: umeme kwanza, chipu baadaye

Commodore 64 ilianza kuuzwa mwaka 1982, na nyingi kati ya zilizobaki zimelala kabatini miaka mingi kabla ya kufika mikononi mwa mtu anayetaka kuzifufua. Mtu huyo, kwa hamu aliyonayo, huchomeka kila waya na kuwasha hapo hapo. Ninamsihi asubiri, kwa sababu adapta ya asili ya kompyuta hii inaweza kuiua kwa muda mfupi mashine iliyokuwa nzima siku ilipohifadhiwa.

Adapta hiyo hutoa umeme wa aina mbili, yaani volti 5 za DC (mkondo wa moja kwa moja) na volti 9 za AC (mkondo unaobadilika mwelekeo). Kidhibiti cha volti 5 kwa kawaida kimefukiwa ndani ya gundi ngumu pamoja na transfoma, kwa hiyo joto halina pa kutokea, na kikichakaa huweza kuziachia volti zipande badala ya kukata umeme. Chipu za kumbukumbu ndizo huungua kwanza. Basi chukua mita, iweke kwenye DC, kisha, kwa kufuata mchoro wa plagi, pima kati ya pini ya 5 na pini ya 2. Ukisoma zaidi ya 5.25, adapta hiyo usiiunganishe na kompyuta kamwe. Ukisoma 5 kamili, iache ikiwaka kwa nusu saa kisha upime tena, kwa kuwa nyingine huwa salama zikiwa baridi na kuharibika zikipata moto. Hata hivyo, kipimo kizuri leo si dhamana ya kesho, na kwa maoni yangu adapta mpya iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine hii ndiyo matumizi ya kwanza ya fedha yako.

Volti 9 za AC hupimwa kati ya pini ya 6 na ya 7, na wengi huzisahau kwa sababu taa nyekundu ya kompyuta huwashwa na zile volti 5 peke yake. Kwenye bodi za zamani, chipu ya picha na chipu ya sauti hupata umeme wake kutoka upande wa AC. Kwa hiyo fyuzi ya ndani ikikatika, taa itawaka vizuri huku skrini ikibaki nyeusi. Ipime fyuzi hiyo kabla ya kushuku chochote kingine.

Ikiwa umeme wote ni sawa na skrini bado ni nyeusi, washukiwa wakuu ni chipu ya PLA, inayoamua ni chipu ipi isomwe kwa wakati gani, na chipu za RAM, yaani zile za kumbukumbu. Washa kwa dakika moja, kisha pitisha kidole juu ya chipu nane za RAM, moja baada ya nyingine. Zote zinapaswa kuwa na uvuguvugu unaolingana; ile inayokufanya uondoe kidole haraka imekufa au inakufa. PLA yenyewe huwa ya moto hata ikiwa nzima, hivyo joto lake peke yake si ushahidi. Katriji ya uchunguzi iitwayo Dead Test husaidia sana hapa, kwa kuwa hufanya kazi bila kutegemea ROM za kompyuta (chipu zenye programu zake za kudumu), na idadi ya mara inazomweka skrini hukuonyesha chipu ya RAM iliyoharibika.

Mambo huwa mepesi zaidi pale skrini ya buluu inapotokea, kwa sababu mashine hujipima RAM yake kila inapowashwa na kuandika matokeo. Nzima huandika 38911 BASIC BYTES FREE. Ikiandika 30719, usilehemu chochote kwanza: chomoa katriji na usafishe tundu lake kwa spiriti, maana hiyo ndiyo namba inayotokea mashine inapodhani kuna katriji. Namba nyingine yoyote iliyo pungufu ijumlishe na 2049, nawe utapata anwani pale RAM iliposhindwa. Tuseme umeona 22527. Jumla ni 24576. Andika POKE 24576,85:PRINT PEEK(24576), ambapo POKE huweka namba kwenye anwani na PEEK huisoma, kisha urudie kwa 170. Ikiwa 85 imerudi kama 81, tofauti ni 4, yaani biti ya 2 (tukihesabu kuanzia 0), na kwa kuwa kwenye bodi yenye chipu nane kila chipu hubeba biti moja tu, mchoro wa bodi yako utakuonyesha ni ipi ya kung'oa. Unabadilisha chipu moja, na saba zinabaki bila kuguswa na moto wa solda.

Skrini ya buluu isiyo na kasa (alama ya mahali pa kuandika) inayopepesa huelekeza kwenye CIA ya kwanza, chipu ya mawasiliano na vifaa vya nje, ambayo saa yake ndiyo inayoiendesha kasa na kuisoma kibodi. Herufi zikijiandika zenyewe, chomoa kwanza joistiki ya tundu la 1, kwani inatumia nyaya zilezile za kibodi. Kitufe kimoja kisichoitika kwa kawaida ni uchafu tu. Mstari mzima wa vitufe ukifa pamoja, angalia kiunganishi na CIA.

Upande wa programu, mchezo unaokwama au kuonyesha picha zilizovurugika pale pale kila mara unaweza kuwa umeandikwa kwa ajili ya mashine za Marekani za mfumo wa televisheni wa NTSC huku yako ikiwa ya mfumo wa PAL, na hapo hakuna kilichoharibika. Taa ya kiendesha diski cha 1541 ikimweka, kiulize chenyewe kabla ya kukifungua, ukijua kwamba mistari hii itafuta programu iliyomo:

NEW
10 OPEN 15,8,15
20 INPUT#15,A,B$,C,D
30 PRINT A;B$;C;D
40 CLOSE 15
RUN

Jibu la 74 ni kwamba kiendeshi hakiko tayari, la 62 ni faili halipo, na kuanzia 20 hadi 27, isipokuwa 25 ambayo ni kosa la kuandika na 26 ambayo ni kinga ya kuandika, ni matatizo ya kusoma diski, ambapo C hukupa namba ya njia, yaani duara la data kwenye diski. Kosa likibaki kwenye njia moja ya diski moja, diski ndiyo mbovu. Likizifuata diski zako zote, safisha kichwa cha kusomea kwa spiriti na kijiti cha pamba, kisha zikague diski kwenye mwanga kabla ya kuzirudisha, kwa sababu moja yenye ukungu itakichafua tena kichwa ulichokisafisha sasa hivi.