Ukishukia Juneau, beba koti la mvua

Juneau, Alaska, haina barabara inayoiunganisha na miji mingine. Utafika kwa meli au ndege. Barafuto ya Mendenhall, yaani mto mkubwa wa barafu, iko kama kilomita 20 kutoka katikati ya mji. Usitosheke na picha za pale kituo cha wageni. Fuata njia ya maporomoko ya Nugget Falls, kama kilomita 3 kwenda na kurudi, tambarare hata mtoto anaimudu, hadi maji yakurushie manyunyu usoni. Basi la mji ni nafuu, ila linakuacha mbali kidogo na barafuto. Malizia kwa miguu. Kuanzia Julai samaki aina ya samoni hupanda kijito cha Steep Creek na dubu huwafuata, kwa hiyo usitembee na chakula. Mvua? Hunyesha hata kiangazi.