Ng'ombe akisomeka "ngâ€™ombe": somo la herufi na baiti

Wiki iliyopita mteja aliniletea flashi yenye orodha ya wafugaji wa maziwa wa Tukuyu. Nikaifungua hapa dukani Mwanjelwa: kila penye ng'ombe pamesomeka ngâ€™ombe. Akadhani ni kirusi. Si kirusi, na hakuna kilichoharibika, bado.

Hatua ya 1. Kompyuta haijui herufi hata moja. Inatunza namba, na baiti moja, yaani kijisanduku kimoja cha kumbukumbu, inabeba 0 hadi 255. Ni jedwali ndilo linalosema namba ipi ni herufi ipi. La kale linaloishi hadi leo ni ASCII la Marekani, la 1963, lenye nafasi 128 tu (herufi ndogo ziliingizwa 1967). Humo M ni 77, b 98, e 101, y 121, a 97. Basi Mbeya ni 77 98 101 121 97, baiti tano. Kiswahili chote kinaenea humo, hata ritifaa iliyonyooka ('), ambayo ni 39. Mfaransa na é yake alikwama mlangoni, sisi tukapita.

Hatua ya 2. Nafasi 128 hadi 255 kila mmoja alizijaza alivyotaka. Windows ya Ulaya Magharibi ina jedwali liitwalo 1252. Vurugu hiyo ndiyo iliyozaa Unicode, namba moja kwa kila herufi duniani, na mwaka 1992 wataalamu wa kompyuta Ken Thompson na Rob Pike wakabuni UTF-8, inayozifunga namba hizo katika baiti moja hadi nne. Herufi za ASCII zimebaki baiti ileile moja.

Hatua ya 3. Sasa tumkamate mwizi. Programu za kuandikia hupenda kuipinda ritifaa: ' inakuwa ’. Hiyo haimo kwenye ASCII. Kwa UTF-8 ni baiti tatu: 226 128 153. Anayezisoma kwa 1252 anaona 226 ni â, 128 ni €, 153 ni ™. Umeziona?

Hatua ya 4. Usifute kwa mkono. Kama faili ni CSV (orodha ya maandishi matupu, safu zikitengwa kwa mkato), usilibofye mara mbili. Fungua Excel tupu, nenda Data, kisha From Text/CSV, na kwenye File Origin chagua 65001: Unicode (UTF-8). Ng'ombe wote wanarudi zizini. Fanya hivyo kwa faili la awali, maana ukishahifadhi lile lenye takataka, takataka nazo zinapewa baiti zao na kazi inakuwa ndefu.

MASWALI

Mwanachama, Mafinga: Kamwene mwalimu. SMS za kikundi chetu ni fupi, lakini tunakatwa hela ya mbili. Inahusiana na hili?

Jibu: Kamwene. Inahusiana sana. SMS moja ni baiti 140. Baiti moja ni biti 8, na kwa jedwali la simu, ambapo herufi moja ni biti 7, unapata herufi 160. Ikiingia ’ moja iliyopinda, ujumbe mzima unahamia baiti mbili kwa kila herufi, unabaki na 70. Bila shaka mnanakili kutoka kwenye programu ya kuandikia. Chapeni ritifaa moja kwa moja kwenye simu, na emoji muache.

Mwanachama, Kyela: Ugonile kaka. Naandika hadithi za bibi kwa Kinyakyusa, kwa ɨ na ʉ. Nimefungua leo, zote ni alama za kuuliza.

Jibu: Ndaga dada. Afadhali ungeona takataka. Takataka maana yake baiti zipo, zimesomwa vibaya. Alama ya kuuliza mara nyingi maana yake ulihifadhi kwa jedwali lisilo na herufi hizo, programu ikaweka 63 mahali pake. Chagua UTF-8 kabla ya kuhifadhi. Herufi ɨ itakuwa 201 168. Ukiona viboksi, hiyo ni fonti tu, badilisha.

Mwanachama, Kyela: Na kurasa 12 nilizokwisha kuhifadhi?

Jibu: Faili halikumbuki tena ipi ilikuwa ɨ na ipi ʉ. Pole. Bibi bado anasimulia?