Maneno ya kuyajua kabla hujabonyeza kuprinti

Mpwa wangu amekuja kunisaidia steshenari hapa Ngamiani, Tanga. Siku ya tatu akaniuliza: "Shangazi, haya maneno yote kwenye kidirisha ya nini? Si unabonyeza tu, karatasi inatoka?" Nikamvutia kiti. Niliyomwelekeza ndiyo haya. Kuwasha printa na kuchomeka waya sikumwambia, na wewe sikwambii.

Hatua ya 1: Faili liwe PDF

Word hutegemea fonti (maumbo ya herufi) zilizomo kwenye kompyuta iliyofungua faili. Ya mteja isipokuwepo kwako, inawekwa nyingine, mistari inahama, na CV ya kurasa 2 inatoka 3. PDF kwa kawaida hubeba fonti zake yenyewe. Ila mteja aigeuze huko huko alikoiandikia. Ukiigeuza wewe dukani umeshachelewa. Picha za WhatsApp nazo nazikataa hadi zitumwe kama dokumenti, maana zikitumwa kama picha zinabanwa. Paspoti ya milimita 35 kwa 45, kwa nukta 300 za kila inchi (ndiyo DPI hiyo), inataka pikseli 413 kwa 531. Chini ya hapo uso unakuwa ukungu.

Hatua ya 2: Ukubwa wa karatasi, na skeli

Hapa tukae.

Mzee mmoja anayeshona kofia aliniletea mchoro wa kukatia. Ukanda wa kofia ulikuwa sentimita 56, umegawanywa vipande viwili vya 28, kila kimoja kwenye A4 iliyolazwa. Nikabonyeza. Printa ikawasha taa ya njano, inapepesa tu. Nikajua karatasi imekwama. Nikafungua mlango wa nyuma, nikatoa katriji, nikafuta rola kwa kitambaa, nikaondoa draiva (programu inayoiendesha printa) na kuiweka upya. Adhana ya adhuhuri ilinikuta nimepiga magoti mbele ya printa. Mwisho nikabonyeza kitufe cha OK kwa hasira, karatasi zikatoka! Nikamkabidhi mzee, roho kwatu.

Kesho yake akarudi. Keshakata kitambaa na kukishikiza kwa uzi. "Mwanangu, hii yangu au ya mjukuu?" Nikaizungushia utepe: sentimita 52.

Kisa kilikuwa neno moja, "Letter". Hiyo ni karatasi ya Marekani na Kanada, milimita 216 kwa 279. A4 yetu ni 210 kwa 297, nyembamba kidogo na ndefu zaidi. Windows ikiwa imepangwa kwa eneo la Marekani, draiva nyingi hujiwekea Letter, na ukiiweka upya kama nilivyofanya mimi inarudi pale pale. Taa ile ilikuwa printa inasubiri Letter wakati trei ina A4. Nilipobonyeza OK ikakubali karatasi iliyopo, lakini mchoro ulikuwa umeshapunguzwa uingie kwenye Letter, kwa sababu skeli, yaani kipimo cha kukuza au kupunguza, ilikuwa kwenye "Fit" (itoshee karatasi). Sentimita 56 kwa asilimia 93 ni 52. Pigeni hesabu wenyewe.

Kwa hiyo ukubwa huu uangalie sehemu tatu, na zote ziseme A4: kwenye faili lenyewe, kwenye kidirisha cha kuprinti, na kwenye mipangilio ya trei ya printa. Moja ikisema vingine, umeliwa. Halafu kuna mtego: ukibadilisha ndani ya programu, mara nyingi ni kwa kazi hiyo tu. Badilisha kwenye mipangilio ya printa ya Windows, ndipo ibaki.

Skeli sasa. Kitu chochote kitakachopimwa, iwe mchoro wa fundi, lebo, stika au ramani ya nyumba, chagua "Actual size", yaani asilimia 100. Kisha usiniamini mimi wala kompyuta: weka mstari wa sentimita 10 pembeni mwa mchoro, toa karatasi moja, pima kwa rula. Ikisoma 9.7, kuna mahali bado panapunguza. Mara nyingi ni simu. Programu nyingi za simu zinapunguza bila hata kukuuliza, ndiyo maana kazi za vipimo sizitoi kwenye simu kabisa. Na ujue printa nyingi ndogo haziwezi kuchapa hadi ukingoni, zinaacha milimita chache kila upande. Kwa skeli ya 100, kilichopo ukingoni kinakatwa. Acha pambizo ya sentimita 1 ulale salama.

"Fit" si adui. Barua, risiti, CV, hata mimi naitumia.

Hatua ya 3: Pande mbili

Dupleksi ni kuchapa mbele na nyuma. Kitabu kinachofunguliwa kama msahafu au daftari, chagua kugeuza kwa ukingo mrefu, "long edge". Kinachofunuliwa kwenda juu kama kalenda, ukingo mfupi. Ukikosea, ukurasa wa nyuma unasimama kichwa chini. Jaribu karatasi moja kwanza, hasa kama ni mitihani ya shule nzima.

Hatua ya 4: Nakala

Mwalimu akitaka nakala 40 za mtihani wa kurasa 4, weka alama kwenye "Collate": unatoka mtihani mzima, kisha mwingine. Usipoweka, unapata ukurasa wa kwanza mara 40, halafu wa pili mara 40, na jioni yako inaishia sakafuni ukipanga.

Hatua ya 5: Wino

Tona ya printa za leza ni unga unaoyeyushwa kwa joto, wino wa printa za inkjeti ni wa maji. Kwa duka, nunua leza ya kuchapa nyeusi tu, sina mjadala. Wino wa maji ukikaa muda mrefu bila kazi unaweza kukauka kwenye tundu. Na karatasi, kwa unyevu huu wa bahari, iache ndani ya kifungashio chake. Rimu iliyoachwa wazi wakati wa masika inajikunja na kukwama.

Hatua ya 6: Foleni

Umebonyeza, haikutoka, usibonyeze tena. Kila ubonyezo ni kazi mpya kwenye foleni. Mpwa wangu alibonyeza mara sita barua ya mteja wakati waya wa printa umechomoka. Alipourudisha, zikatoka sita. Fungua foleni, futa zote, tuma moja. Zikigoma kufutika, zima na uwashe huduma iitwayo "Print Spooler" ndani ya Windows.

Zile barua tano alizikata vipande vya kuandikia bei.